Chuo Nilichokisifia Bila Kuingia

Nakumbuka siku moja ya kiangazi, mwanangu, nimesimama mbele ya lango la chuo kikuu kimoja cha binafsi, mkononi nina kipeperushi chenye picha za rangi, na mlinzi ananiuliza kama naingia au siingii. Sikuingia. Nakuandikia kwa sababu ya hatua zile chache ambazo sikuzipiga, na kwa sababu nimesikia kwamba Ijumaa hii unataka kutuma maombi kwenye chuo ulichokiona kwenye simu tu, wanafunzi wanacheza muziki na nyuma yao kuna jengo la vioo.

Tulia kwanza usome. Najua mna haraka, kizazi chenu hata uji mnaupuliza huku mnatembea.

Mimi na mama yako tulimaliza kidato cha sita mwaka mmoja. Mama yangu na bibi yako ni ndugu wa tumbo moja, kwa hiyo mama yako ni mdogo wangu, na huko Mgeta, mlimani kwetu, tulilala kitanda kimoja tangu hatujui kujichana nywele. Yeye alikuwa na akili ya sayansi. Akiona jani la njegere lenye madoa alilichuma, akaliweka mezani, akaligeuza kutwa nzima, nasi tunamcheka. Alitaka kusomea kazi ya maabara, na hakuna kingine alichokitaka. Mimi nilitaka chochote chenye joho.

Aliyekuwa na neno la mwisho juu yetu ni Mjomba Donati, kaka wa mama zetu. Unajua kwetu, baba anakupenda lakini mjomba ndiye anayekusimamia. Kazi yake ilikuwa kukusanya nyanya za wakulima na kuzipakia kwenye malori ya Dar, na tangu tukiwa wadogo alitufundisha kwamba tenga halinunuliwi kwa kutazamwa. Sisi watu wa mlimani tunajuana. Nyanya ngumu nyekundu tunazipanga juu, zilizolainika na zenye wadudu tunazizika chini, na mkulima anaweza kukuapia kwa jina la mtakatifu wake huku anajua vizuri alichokizika. Mjomba hakubishana na mtu. Alikunja shati, akazamisha mkono ndani ya tenga mpaka kwenye kiwiko, akaitoa nyanya ya chini kabisa. Hiyo ndiyo aliyoitazama.

Basi kile kipeperushi kilipofika kijijini na mama yako akaanza kulala nacho, Mjomba aliniita mimi niliyekuwa mkubwa, akanipa nauli.

"Nenda ukakae siku mbili," akasema. "Ingia darasani. Kaa na wanafunzi wanapokula na wanapolala. Hiyo maabara uishike kwa mkono wako. Maneno ya kwenye karatasi usiniletee, kusoma najua."

Chuo kilikuwa nje kidogo ya mji. Jina lake silitaji, kimeshafungwa siku nyingi. Jengo la mbele lilikuwa jeupe na maua yamekatwa vizuri, na pale langoni, mwanangu, nikaingiwa na hofu. Mlinzi hakunitisha. Nilikuwa nimeshakipenda kile chuo, nimeshajiona ndani ya joho. Nikawaza, nikiingia nikakuta ubaya, nitarudi nyumbani na nini? Na mtu akipenda kitu hataki kukigeuza aone upande wa pili. Nikamwambia mlinzi nitarudi. Nikaenda mjini kwa rafiki yangu tuliyesoma naye, nikazimaliza zile siku mbili kwa soga na kusukwa nywele.

Niliporudi mlimani nilikuta wamekaa wananisubiri: Mjomba, mama yangu, bibi yako, na mama yako kwenye kona na daftari lake. Ulimi ulikuwa mwepesi, maana kipeperushi nilikuwa nimekishika kichwani kama katekisimu. Wakauliza walimu, nikawataja. Maktaba nikaisifia. Kisha mama yako akauliza habari za maabara, na maabara haikuwa na picha. Nikaitunga palepale.

"Ina madirisha makubwa yanayotazama mlima," nikamwambia. "Ukiinua macho kwenye hadubini, unaona kwetu."

Aliyaandika maneno hayo. Nilimwona akiyaandika.

Mjomba akauliza, "Mkono ulizamisha?"

"Nilizamisha, Mjomba."

Akazitazama zile nywele zangu mpya, akasema, "Haya."

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kidole kikitoka damu, damu ni yako peke yako.

Kilichofuata ndicho kinachonichoma hadi leo. Kabla muhula haujaanza mimi nikapata nafasi chuo cha ualimu cha serikali, nikaenda zangu. Mama yako akaenda kule peke yake, kwa neno langu. Nilifarijika, sikufichi. Nilifikiri uongo wangu umeshajifia wenyewe. Akija likizo, ukimuuliza masomo anasema, "Yanaendelea." Alikuwa amekonda. Swali la pili sikuthubutu kuliuliza.

Mwaka wake wa pili ukielekea mwishoni, nikiwa likizo, Mjomba aliniambia kesho tunakwenda kumtembelea mdogo wako. Akafunga gunia la viazi na njegere. Ndani ya lori nilikaa katikati ya Mjomba na dereva. Tulipofika lami Mjomba akasema, bila kunitazama, "Utanionyesha hiyo maabara."

Langoni alitoka kijana wa tai kutukaribisha ofisini. Akaamkia vizuri, akaanza kueleza. Mjomba akaipokea shikamoo yake, akamwambia, "Ahsante, baba. Sisi wa mashambani tunapitia nyuma." Akajitwika gunia lake, akazunguka jengo jeupe, nami namfuata kama mbuzi anayekwenda sokoni.

Nyuma ya lile jengo, mwanangu, kulikuwa na vyumba visivyopigwa lipu. Katika kimoja wanafunzi walikaa wanatazama ubao wenye mchoro wa hadubini, mwalimu hakuna. Mjomba akawauliza yuko wapi. Mmoja akajibu kwa upole, "Anatokea Dar, babu. Akipata nafasi anakuja." Wasichana walikuwa wanatoka na ndoo, bomba limekauka, wanashuka korongoni kuchota, na wanashuka kwa makundi kwa sababu mwenzao aliyekwenda peke yake alivamiwa. Tukafika kwenye mlango wenye kibao cha maabara. Una kufuli lenye kutu. Mjomba akachungulia dirishani. Viti vilivyovunjika vimepangwa hadi darini, na juu ya meza hadubini moja bado imefungwa kwenye nailoni. Dirisha lenyewe lilitazamana na ukuta wa choo.

"Na kozi yenyewe inatambuliwa?" Mjomba akawauliza wale wanafunzi waliokuwa wametufuata.

Wakatazamana. "Tunaambiwa inashughulikiwa," mmoja akasema.

Hapo mama yako akatokea kutoka korongoni na ndoo kichwani. Akatuona. Akaitua taratibu, tone halikumwagika, akasema, "Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Umejua haya tangu lini?"

"Tangu wiki ya kwanza."

"Na ukanyamaza?"

Akanitazama mimi. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. "Dada alisema madirisha yanatazama mlima," akasema. "Nilizunguka majengo yote nikiyatafuta. Nilipoyakosa nikajua hakuingia. Nikaona nikisema, nitakuwa nimemvua nguo mbele ya ukoo."

Miaka miwili, mwanangu. Alichota maji korongoni miaka miwili ili kunistiri mimi.

Mjomba akakaa juu ya gunia la viazi. Sikuwahi kumwona mtu yule akizeeka kama pale. Nilisubiri matusi, hakuyatoa.

"Tenga la nyanya, kitu cha kuoza wiki ijayo, unalizamisha mkono," akaniambia. "Mdogo wako ukamtoa kwa kutazama za juu." Kisha akajipiga kifua kwa kiganja. "Na mimi nilijua. Nywele zako ziliniambia siku ileile kwamba hukulala chuoni. Nikasema haya, sikutaka kukuaibisha mbele ya mama zako. Mtoto huyu tumemponza wawili."

Mama yako alirudi nasi siku ile. Ukoo ukaambiwa ameugua, na hata wewe umekua ukiambiwa kwamba aliacha chuo kwa ugonjwa. Mama yako hakuugua. Miaka yake miwili hakuna chuo kilichoitambua, na fedha za kuanzia upya hazikuwepo. Ukimwona hadi leo anasimama shambani anageuza jani la karoti mpaka chakula kinapoa, usimcheke kama tulivyomcheka sisi.

Sasa nisikilize. Sisemi vyuo binafsi ni vibaya. Nimefundisha miaka mingi hapa mjini, na nimeona vya binafsi vinavyomshughulikia mtoto mpaka unamwonea wivu. Ninachosema ni uzamishe mkono. Usitosheke kwamba chuo kinatambuliwa, ulizia ile kozi yako hasa, na uwaulize wanaosimamia vyuo, si wanaokiuza chuo. Nenda siku ya masomo, ukae darasani, uone kama mwalimu anakuja na kama ukimuuliza anajibu au anakasirika. Wale wa kwenye picha waache, tafuta wa mwaka wa tatu, maana wa mwaka wa kwanza bado ana aibu ya kukiri. Muulize mara ya mwisho lini ameshika hadubini, na wanapelekwa wapi kufanya mazoezi ya kazi. Muulize waliomtangulia wako wapi sasa, mmoja mmoja, kwa majina. Kisha nenda wanapolala. Angalia maji, angalia njia ya kurudi jioni, uliza msichana akiugua nani anampeleka hospitali. Mtu anasoma kwa kichwa, lakini kichwa hakilali darasani, kinalala kitandani kama mwili mwingine. Na wakikwambia kitu kinashughulikiwa, funga daftari lako urudi.

Kubwa kuliko yote, ukikuta ubaya, useme. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, na mkakasi tuliupamba wenyewe: mimi kwa kusema, Mjomba na mama yako kwa kunyamaza. Mficha uchi hazai. Hakuna aibu ya ukoo inayostahili miaka miwili ya mtu.

Ijumaa ni keshokutwa, muda upo. Nimeomba ruhusa shuleni. Kesho shuka na lori la alfajiri, lilelile linalokuletea barua hii leo, nitakusubiri stendi ya Msamvu, tutakwenda kwenye hicho chuo chako cha vioo, tutalala huko siku moja, wewe na wanafunzi, mimi hata kwenye benchi la mlinzi. Kama ni kizuri, utatuma maombi yako nikiwa nimekaa pembeni, nami nitapiga vigelegele. Kama si kizuri, tutalia pamoja kwenye basi, kisha tutatafuta kingine. Nywele sitasuka.

Maana jana mama yako alinipigia simu. Nilidhani ataniomba nikukataze. Badala yake akasema, "Dada, safari hii uingie."

Nitaingia, mwanangu. Mungu akupe macho ya mama yako na mkono wa Mjomba Donati, akuepushe na ulimi wangu wa siku ile. Akufungulie mlango usio na kufuli, na ndani yake akuwekee mwalimu, maji na wenzako wema. Na dirisha la maabara yako litazame popote litakapotazama, mradi liwepo.