Garanti Niliyomwuzia Tata

Mtu akiniuliza kama garanti ya kuongeza inafaa, mimi hukasirika kabla sijamjibu. Jibu ninalo, ila namna nilivyolipata si jambo la kujisifu. Niliziuza karatasi hizo miaka sita katika duka moja la vyombo vya stima mjini Nyeri, zile siku za baada ya uhuru ambapo mtu akipita na redio mpya begani, barabara nzima ilimgeukia. Tuliuza majiko, pasi, redio na friji. Kila chombo kilitoka kiwandani na garanti ya mwaka mmoja. Juu ya hiyo, duka lilikuwa na kitabu chake cha karatasi za kijani, na mteja akiongeza pesa kidogo alipewa miaka miwili zaidi. Kila karatasi niliyokata ilikuwa na kamisheni yangu ndani.

Mwenye duka alikuwa mama Mhindi, mjane, aliyevaa sweta nzito juu ya sari yake mwaka mzima. Mgala muue na haki yake mpe: yule mama hakuwa mwizi. Siku aliyonikabidhi kitabu alinionyesha mstari mmoja kwa kidole. Garanti ilianza siku ya risiti, si siku ya kuwasha chombo.

"Watu wa shamba hawasomi hii karatasi," aliniambia. "Wanasoma uso yako. Kwa hivyo wewe sema tarehe na mdomo. Kila mtu."

Nikamwambia nimesikia. Mwezi wa kwanza nilisema tarehe kwa kila mtu, na sikuuza kitu. Ukimtajia mtu tarehe anaanza kufikiri, na akianza kufikiri anazirudisha pesa zake kwa leso na kufunga fundo. Kwa hivyo nikajifunza kusoma mbio mbio, kwa Kiingereza, nikikaribia ule mstari nauliza, "Na watoto hawajambo?" Nilikuwa hodari sana. Mwalimu mmoja wa Karatina alipata jiko jipya kwa karatasi yangu, kwa sababu lake liliungua mwaka wa pili, na jina lake nilikuwa nikilitaja kwa wateja wote. Wale ambao hawakupata kitu sikuwataja.

Tata alikuja mwaka ambao kahawa ililipa vizuri. Tata ni shangazi, dada ya baba yangu. Ndiye aliyenilea mama alipofariki. Alikuwa na hoteli ndogo sokoni Gakindu, chai na mandazi, na hayo mandazi ndiyo yaliyonisomesha mpaka kidato cha nne. Shida yake ilikuwa maziwa. Yaliyobaki jioni yaliharibika, na asubuhi alikuwa akiyamwagia nguruwe huku akinung'unika. Alitaka friji auze maziwa baridi na soda kwa watu wanaotoka kupeleka kahawa kiwandani. Ilikuwa ndiyo ndoto yake, aliizungumzia jikoni tangu niko mtoto.

Stima haikuwa imefika kwake. Lakini nguzo zilikuwa zimelazwa kando ya barabara, na mheshimiwa fulani alikuwa amesimama juu ya gari akasema kufikia Krismasi kila mtu atakuwa na taa. Tata hakuwa mjinga. Alijua pesa ya kahawa usipoigeuza kitu upesi, watu wa ukoo wataigeuza wao. Kwetu watu walinunua mabati kabla ya kuta, na hakuna aliyewacheka.

Alichagua friji nyeupe yenye mlango wa duara juu. Nikamweleza garanti ya kiwanda, halafu nikafungua kitabu cha kijani. Ilikuwa mwisho wa mwezi. Dirishani mwa duka la jirani kulikuwa na koti jekundu nililokuwa nikilipitia kila asubuhi, na baridi ya Nyeri ya Julai inaingia mpaka kwa mifupa. Nilibakisha kuuza karatasi moja tu nilipate. Sijui nimseme nani. Ni koti.

Tata aliitazama karatasi, akanirudishia.

"Hizi herufi ni ndogo. Niambie wewe. Stima ikija, halafu hii kitu iharibike, hawa watanitengenezea?"

"Eeh, tata."

"Miaka yote tatu?"

"Eeh."

Hakuuliza lingine. Akafungua leso akalipa, na mama Mhindi akagonga muhuri wa risiti bila kujua friji ilikuwa inaenda kukaa wapi. Nilivaa lile koti Jumapili iliyofuata. Tata alinishika mkono mlangoni pa kanisa akasema, sasa umekuwa mtu.

Krismasi ikaja bila stima. Nguzo zikasimamishwa mwaka uliofuata, na waya hazikuja. Friji ilikaa sebuleni kwa tata, ameifunika kila pahali kwa vitambaa alivyofuma mwenyewe, ndani amepanga vikombe vya wageni na sukari kwa sababu siafu hawakuweza kuingia. Wageni walionyeshwa. "Hii iko na garanti ya miaka tatu," alikuwa akiwaambia, na mimi nimeketi pale na kikombe mkononi.

Ningeweza kusema. Kila nilipoenda nyumbani nilijua miezi iliyobaki. Ningemwambia mama Mhindi ukweli, na namjua, angechukua kalamu aandike tarehe nyingine. Lakini angeniuliza kwa nini sikusema siku ile, na kazi za kukaa ndani zilikuwa chache. Nikanyamaza mwaka wa kwanza, na wa pili ukawa rahisi zaidi.

Waya zilivutwa miezi minne baada ya garanti kuisha. Tata alichinja kuku. Friji ikahamishiwa hotelini, ikanguruma siku tisa, akauza maziwa baridi siku tisa, na watu wakapanga foleni. Siku ya kumi ikanyamaza, maziwa yakaharibika ndani. Fundi alitoka Karatina, akaifungua nyuma, akasema kompresa imekufa na bei yake ni karibu bei ya friji nyingine. Tata hakushtuka. Aliiambia hoteli nzima kwamba yeye ana karatasi.

Alikuja dukani amevaa nguo za kanisa. Karatasi ya kijani ilikuwa imekunjwa vizuri, safi. Aliipeleka moja kwa moja kwa mama Mhindi, si kwangu, kwa sababu hakutaka kunisumbua kazini.

Mama Mhindi akavaa miwani. Alisoma, akatazama risiti, akasoma tena.

"Mama, hii imeisha. Miezi minne na siku kadhaa."

"Imeisha namna gani? Nimewasha juzi."

"Inaanza siku ya kununua, mama. Si siku ya kuwasha."

Tata akanigeukia. Hakuwa na hasira, hilo ndilo linaloniumiza hadi leo. Uso wake ulikuwa wa mtu anayeuliza njia.

"Ulijua?" akaniuliza kwa Kikuyu.

Mama Mhindi naye alikuwa ananitazama juu ya miwani. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na mstari ule niliujua kwa moyo kuliko Baba Yetu.

"Sikujua, tata," nikasema. "Hata mimi hawakuniambia."

Alipumua. Niliona mabega yake yakishuka, kama kwamba jambo aliloliogopa zaidi limempita. Akamwambia mama Mhindi kwa Kiswahili, taratibu, "Mimi ni mzee, si neno. Lakini umedanganya hata huyu mtoto wetu. Hiyo ni mbaya." Halafu akachukua karatasi yake akaenda zake.

Nilingoja kufukuzwa. Mama Mhindi alifuta miwani kwa ncha ya sari, akaniambia nipange balbu. Hakuwahi kulitaja tena jambo lile, wala hakuninyang'anya kitabu. Nimefikiri mara nyingi kwamba angenipiga kofi ningempenda.

Huko Gakindu habari ilienea haraka, na ilienea kama tata alivyoipokea. Wahindi, watu wakasema, wakatikisa vichwa, na hadithi ikaingia mahali ambapo palikuwa wazi tayari. Wanawake wa kanisa walinipa pole. Tata alirudisha vikombe kwenye friji na kuendelea kumwagia nguruwe maziwa. Sikumrekebisha mtu hata mmoja.

Miezi michache baadaye jirani yake mmoja, mzee mwenye kahawa nyingi, aliingia dukani. Mama Mhindi alikuwa kaunta ya mbele. Alimsalimu kwa Kikuyu kizuri, maana alizaliwa pale pale Nyeri. Mzee akampita bila kuitikia, akaja hadi kwangu nyuma.

"Nataka jiko la stima," akasema kwa sauti ya kutosha. "Tata yako ameniambia nisiongee na yule. Amesema nikutafute wewe, kwa sababu wewe huwezi kutudanganya."

Nikamwonyesha jiko. Akataka na garanti pia, ile ya kuongeza. Nikafungua kitabu, nikaweka kidole kwenye ule mstari, nikaanza kumsomea kwa Kikuyu, polepole, tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha, kwa sauti ili mama Mhindi asikie.

Mzee akaufunika mstari kwa kiganja chake.

"Usinisomee," akasema. "Andika tu. Neno lako linatosha."