Rosemari ya Mama na Maji Yangu

Mama alipoolewa, alishuka Kiritiri kutoka Kianjokoma, kwenye baridi ya mlimani, na vitu viwili vilivyowashangaza watu wa huku: koti zito la sufu, na kijiti cha rosemari kilichofungwa kwa kitambaa chenye unyevu. Koti hakulivaa tena, kwa sababu ya joto letu. Kijiti alikichomeka nyuma ya jikoni, mahali penye mawe, na nilipopata akili kilikuwa kichaka kinachonifika kifuani.

Pua zetu zikiziba, Mama alichemsha konzi ya majani, akatuinamisha juu ya sufuria na kutufunika kwa lile koti. Mle ndani mlikuwa na giza na harufu iliyotutoa machozi, na mdogo wangu wa kiume alinifinya ili nicheke nikemewe mimi. Maji yaliyobaki Mama alitusuuzia nywele. Tukila ndengu hadi matumbo yakanguruma, alitupa chai ya majani machache, bila sukari, na ilibidi tuimalize.

Hata hivyo hakuwa mtu wa kujidanganya. Mdogo wetu wa mwisho, msichana, alipobanwa kifua akiwa mchanga, Mama hakukigusa kichaka. Alimfunga mgongoni akaenda naye zahanati kwa miguu. Aliporudi aliniambia, "Hii ni ya mafua tu. Ukiona mtoto anavuta pumzi mpaka mbavu zinaingia ndani, huyo ni wa daktari." Nililishika neno hilo, na baadaye lilinifaa.

Mbuzi tulichinja kwa nadra. Mama alifunga vitawi vitatu kwa uzi, akavichovya katika maji ya chumvi, na kupangusia mbavu zikiwa juu ya makaa. Mafuta yalidondoka, moshi ukapanda, na majirani wakakumbuka kwamba walikuwa na jambo la kumuuliza baba yangu.

Vitawi vitatu vya namna hiyohiyo, bila chumvi, vilikuwa na kazi nyingine. Wazee wa kwetu walimbariki mtoto kwa kumtemea mate kidogo kifuani. Mama, kwa kuwa alikuwa mtu wa kanisa na mtu wa usafi, alitumia maji. Asubuhi ya siku yangu ya kwanza shuleni alinisimamisha mlangoni, akachovya vitawi katika bakuli, akanirushia maji kichwani, kisha akapitisha majani kwenye viganja vyangu. Aliomba kwa Kiembu, kwa sauti ya chini. Sikumbuki maneno. Nakumbuka kwamba darasani nilinusa mikono yangu hadi saa sita. Mdogo wangu wa kiume naye alifanyiwa hivyo zamu yake ilipofika.

Kulikuwa na sharti moja. Aliyekuja kuomba rosemari hakuruhusiwa kusema asante. Aliweka ndengu kidogo au mtama kwenye shina, akaenda zake. "Ukisema asante umemaliza," Mama alisema. "Ukiacha ndengu, utarudi." Kuku wetu walilijua sharti hilo kuliko sisi, na walimsindikiza kila mgeni hadi nyuma ya jikoni.

Baba alitangulia kufariki. Mama alimfuata nikiwa kidato cha kwanza, muhula wa pili. Msichana wetu alikuwa na miaka mitatu. Jamaa walikaa wakaanza kugawana watoto: huyu aende Kianjokoma, yule aende kwa shangazi, mimi nirudi bweni. Niliwaambia hatugawanywi. Sikuwa na hoja nyingine, kwa hiyo nililirudia neno hilo hadi wakachoka. Sare yangu niliikunja nikaiweka kabatini, nikaenda kuomba kazi kwenye bucha moja sokoni. Mwenye bucha alinipa kipande cha ubavu kama mtihani. Nilirudi nyumbani mbio, nikakata vitawi vitatu, nikakichoma kama Mama. Nimekuwa nikichoma nyama Kiritiri tangu siku ile.

Kichaka nilikishika kama mtu anavyoshika hati ya shamba. Watu waliendelea kuja na ndengu zao, lakini nilianza kuwarudisha. Niliona kila tawi linalotoka ni kipande cha Mama kinachokwenda. Niliyemkatalia vibaya zaidi alikuwa bibi mmoja wa ng'ambo ya korongo, ambaye sote tunamwita Cucu, yaani nyanya. Alikuja miezi michache baada ya mazishi, akasema mumewe anakohoa. Nilisimama kwenye mlango wa jikoni nisimruhusu kupita. "Cucu, huu ni mmea wa Mama. Si soko," nilimwambia. Alichungulia nyuma yangu, akaitazama sufuria iliyokuwa mekoni, akawatazama wadogo zangu, akaondoka. Tangu hapo tulisalimiana kanisani kwa kichwa tu.

Miaka ilikwenda. Mwaka huu msichana wetu alipata nafasi katika chuo cha ualimu. Alinipa habari hizo nikiwa napepea makaa, kisha hakuondoka.

"Kaka, kuna kitu nataka."

"Sanduku nimeshanunua."

"Si sanduku. Nyinyi wawili Mama aliwarushia maji. Mimi hapana."

"Ulikuwa mdogo."

"Sasa ni mkubwa. Utanirushia wewe, asubuhi ya kwenda. Na iwe rosemari ya kichaka chake, si vile vifungu vya sokoni."

Nilimwambia sawa. Sikumwambia kwamba kichaka kilikuwa kinakufa.

Mvua ilikuwa imekosa, na hata mihogo ilikuwa imeinamisha majani. Nilipoona ncha za rosemari zinageuka rangi ya kahawia, niliogopa. Kila jioni nikitoka kazini nilipakia mtungi wa maji kwenye baiskeli, nikaumwaga wote kwenye kichaka. Nilikusanya samadi mbichi kutoka zizi la mbuzi, nikairundika kwenye shina. Majani yalizidi kuwa meusi. Niliongeza maji. Sijawahi kujua njia nyingine ya kutunza kitu: kikilegea, unakiongezea. Wadogo zangu niliwakuza hivyo, na hawakufa.

Ilipobaki siku mbili, nilivuta tawi likang'oka mkononi pamoja na gome, laini kama mboga iliyochacha.

Mdogo wangu wa kiume, ambaye hupakia mchanga kwenye malori, alilinusa. "Hili sasa linafaa kutengeneza sabuni," alisema. Kisha aliniona uso, akaacha utani. "Mwambie tu. Ataelewa."

"Ameniomba kitu kimoja tangu azaliwe."

"Kimoja? Umesahau ile baiskeli."

Msichana mwenyewe alikuwa amesimama nyuma yetu. Hakulia. Alisema polepole, "Cucu wa ng'ambo anayo. Nimeiona nikitafuta kuni. Kubwa kuliko hii."

"Ameitoa wapi?"

"Kamuulize."

Nililala na jambo hilo, na asubuhi bado lilikuwa palepale. Nilitia konzi ya ndengu mfukoni, nikashuka korongoni. Njiani nilipanga maneno, na yote yalikuwa mabaya. Nilimkuta Cucu akipeta kunde mbele ya nyumba.

"Hodi, Cucu."

"Karibu. Ni mchoma nyama huyo? Leo mbuzi wamepumzika?"

"Nimekuja kuomba."

"Kuomba nini? Huku hakuna soko."

Nilistahili. Nilibaki nimesimama. Alipeta tena mara mbili, tatu, akanitazama, akacheka kidogo. "Kaa chini, kijana. Umerefuka bure."

Nilimweleza habari za msichana, za bakuli, na za kichaka. Aliniuliza nilikuwa nakifanyia nini. Nilimtajia mtungi wa kila jioni na samadi ya mbuzi, na nadhani nilimtajia kwa majivuno.

"Samadi mbichi?"

"Ndiyo, Cucu."

"Na maji kila siku, kama mtu anayelima mpunga." Aliweka ungo chini. "Mwanangu, umekizamisha. Mama yako aliiweka rosemari kwenye mawe makusudi. Ulimwona akiimwagilia hata siku moja?"

Nilifikiri. Nilimwona akikata, akichemsha, akifunga uzi. Kumwagilia, hapana. Miaka yote ile sikuwa nimeliona jambo hilo.

Alinipeleka nyuma ya zizi lake. Pale ambapo hata nyasi hazikubali kumea palikuwa na kichaka kipana kama kitanda, cha kijani kinachokaribia kijivu, na nyuki juu yake. Udongo ulikuwa umekauka hadi umepasuka.

"Mama yako alinipa kijiti ukiwa bado hujaanza shule," alisema. "Ni ileile."

Ilinichukua muda kuelewa alichosema. "Ulikuwa nayo hapa? Siku ile ulipokuja?"

"Nilikuwa nayo."

"Sasa ulikuja kuomba nini?"

Alichuma jani, akalisugua kati ya vidole. "Mtu ataingiaje kwa watoto waliofiwa aseme amekuja kuona kama wamekula? Wewe ulikuwa na kiburi cha baba yako. Ungenifukuza. Nikasema niombe rosemari, nitapita jikoni, nitaona sufuria."

"Na nilikufukuza."

"Ulinifukuza. Lakini sufuria niliiona." Alinigeukia. "Ilikuwa na githeri, mahindi na maharagwe ya kutosha. Nikamwambia mzee wangu, wale watakuwa sawa."

Niliinama nikasema nilikosa, na yeye akasema ndiyo, nilikosa, kisha akanipa kisu. Nilikata vitawi vitatu vya baraka na kijiti kimoja cha kupanda. Mdomo wangu ulikuwa tayari kusema lile neno. Alinitazama akingoja. Nilifunga mdomo, nikatoa ndengu mfukoni, nikaziweka kwenye shina. Kuku wake walikuja mbio.

Asubuhi ya kuondoka tulisimama mlangoni sote watatu. Nilikuwa nimeweka maji kwenye bakuli lilelile la Mama, la bati, lenye kovu ukingoni. Nilisita. Mkono wangu huuhuu hupangusa mbavu za mbuzi siku sita kwa wiki, na mimi si mama wa mtu.

"Kaka, basi langu," alisema msichana.

Nilichovya, nikarusha. Maji yalimpata hadi masikioni.

"Polepole," alisema mdogo wangu wa kiume. "Usimgeuze upande wa pili, bado hajaiva."

Msichana alicheka akiwa amefumba macho, na mimi nikacheka. Nilipitisha majani kwenye viganja vyake. Niliomba kwa Kiembu. Maneno ya Mama sikuyakumbuka, hivyo niliomba kwa yangu, na hayakuwa mengi: aende salama, asome, arudi. Tulipokuwa tunafunga sanduku nilimwona akinusa mikono yake, akidhani hakuna anayemtazama.

Kichaka cha zamani nimeking'oa, mizizi ilikuwa imeoza yote. Kijiti cha Cucu nimekichomeka hatua chache pembeni, kwenye mawe zaidi. Siku za kwanza alinikubalia kikombe kimoja cha maji, hadi kishike. Baada ya hapo, basi. Jumapili huja kukikagua, na sasa anapita jikoni bila kuomba kitu.

Kukiacha hivyo ni kazi ngumu kuliko ya mtungi. Jioni nikirudi kutoka sokoni nakiona kimesimama pale peke yake, kidogo, na ardhi imekauka pande zote. Naegemeza baiskeli ukutani. Nakipita mikono mitupu, naingia ndani, nampigia msichana simu kumuuliza kama amekula.