Mawe Juu ya Mabati

Kuna Jumanne moja ambayo mpaka leo haijanitoka moyoni, mwanangu. Ilikuwa miaka ya hamsini ikielekea ukingoni, mimi nikiwa mama mchanga wa mtoto mmoja, na siku hiyo nilitoka Thika kwenda Ruiru kuangalia nyumba ambayo mume wangu alikuwa ameshaipenda. Nakusimulia kwa sababu nasikia na wewe unataka kununua, huko Kamakis au Mwihoko, sijui wapi, na kwamba umekwenda kuona mara mbili ukaridhika. Sisi tulikwenda zaidi ya hapo, na tuliridhika kabisa.

Tulikuwa tumetoka Maragoli wakati viwanda vya Thika vinatafuta watu. Baba Ezra, ndivyo nilivyomwita mume wangu kwa jina la mtoto wetu, alipata kazi kwenye kiwanda cha mananasi, tukapewa chumba katika nyumba za kampuni. Nikisema tulipewa chumba najisifu bure. Tulikigawana na mtu mwingine na mkewe, pazia la magunia katikati. Wao wakikohoa sisi tunaamka, Ezra akilia wao wanaamka, na asubuhi hakuna anayemtazama mwenzake usoni. Nilitamani mlango wangu mwenyewe mpaka nikawa nauota. Kwa hiyo usidhani nilikuwa mke mkorofi anayetafuta sababu ya kukataa.

Nyumba yenyewe ilikuwa ukingoni mwa Ruiru, ng'ambo ya reli. Ule mtaa ulikuwa unabadilika. Nyumba za udongo zilibomolewa moja moja, na upande wa juu zikainuka nyumba za mawe ya kuchongwa na vigae vyekundu, za makarani na walimu. Kila uliyemuuliza alikwambia mtaa unapanda na anayechelewa atajuta. Muuzaji, Mzee Ishmaeli, alikuwa mtu wa kanisa, mpole, sauti ya chini. Nyumba yake ilikuwa ya udongo uliopigwa sementi, vyumba viwili, mabati mazima. Ardhi isingekuwa yetu, kwani siku hizo watu kama sisi tulinunua nyumba tu, lakini mlango ungekuwa wetu.

Tulikuwa tunakwenda Jumapili, maana ndiyo siku pekee baba Ezra hakuwa kiwandani. Tunatoka ibadani, tunapanda gari moshi, tunafika tukikuta mtaa umetulia. Watu wamevaa vizuri, watoto wamepakwa mafuta miguu inang'aa, nyuma ya nyumba mikaratusi inavuma kidogo. Siku moja baba Ezra alisimama uani akatazama paa, akaona mawe yametapakaa juu ya mabati, makubwa kwa madogo. Akanigusa bega.

"Unaona, mama Ezra? Hawa ni watu wa kujipanga. Wameweka mawe upepo using'oe mabati. Kama kwetu."

Kwetu ndivyo tulivyofanya, upepo wa huko hauna adabu. Nikatazama yale mawe nikajisikia niko nyumbani. Ndani ya chumba cha pili nilishachagua kona ya kitanda cha Ezra, karibu na ukuta, pasipo na mlango wa kuingiza baridi.

Kitu kimoja tu kilinikwama. Nilimuuliza mke wa Mzee Ishmaeli anaanika nguo wapi. Akanionyesha kamba, kisha akasema akiangalia pembeni, "Anika asubuhi. Saa nne ziwe zimeingia ndani."

"Kuna wezi?"

"Si wezi," akasema, na mumewe akaita kwamba chai iko tayari.

Nguo gani inakauka kabla ya saa nne, na baridi ile ya Ruiru? Nililala na swali hilo. Nilipomwambia baba Ezra alicheka. Alisema kwamba mimi nikipewa mbingu nitauliza nguo zinaanikwa wapi. Malipo yalikuwa yafanyike Jumamosi ile, akiba yetu yote pamoja na ng'ombe aliyeuzwa na baba yake nyumbani. Nikamwambia Jumanne nitakwenda kuangalia hiyo kamba. "Nenda," akasema, bado anacheka, "lakini usimwaibishe mzee wa watu."

Nilikwenda na woga, lakini wa kitu kingine. Hali ya Hatari ya serikali ya kikoloni ilikuwa imelegea bila kwisha, na mwanamke anayetembea peke yake siku ya kazi angeweza kuulizwa na askari anatoka wapi na anamfuata nani. Kwa hiyo nilipofika kwenye ule mtaa macho yangu yalitafuta kofia za askari. Sikuona hata mmoja. Niliona vumbi jeupe juu ya kila kitu, juu ya majani na juu ya mbuzi, ambalo Jumapili sikuliona, au nililiona nikadhani ni kiangazi.

Kisha mahali fulani nyuma ya mikaratusi chuma kikaanza kupigwa, kipande cha reli kinachogongwa kwa nyundo. Mtaa mzima ukabadilika. Wanawake wakatoka mbio wakavuta nguo kwenye kamba, hata zinazochuruzika maji. Mmoja alikamata mtoto kwa mkono mmoja na jiko kwa mwingine. Milango ikafungwa. Hakuna aliyepiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha zaidi, kwamba walikuwa wamezoea.

Nilijua ni msako. Nilikuwa nimesikia habari za misako, mtaa unazingirwa, watu wanakalishwa chini mikono kichwani. Nikasimama pale pale katikati ya njia, Ezra mgongoni. Nikawaza watamchukua mtoto, na baba yake yuko Thika anafunga makopo.

Mlango ukafunguka, mama mmoja mzee akanishika kitenge akanivuta ndani. "Ingia! Wewe umesimama nini? Leta mtoto. Chini ya kitanda, haraka."

"Askari wako wapi?" nikamuuliza.

"Askari gani? Ni timbo."

Timbo ni machimbo ya mawe, mwanangu, mahali mwamba unapopasuliwa kwa baruti. Neno nililijua. Nilikuwa sijajua linaweza kutoa sauti gani. Ardhi iliruka chini ya tumbo langu, kisha ndipo nikasikia mlio, kisha kimya, na kisha mawe yakaanza kuanguka juu ya mabati. Mengine madogo kama mtu anayemwaga mahindi. Moja likapiga juu yetu sawasawa, bati likaingia ndani kidogo, na Ezra, ambaye hajawahi kunyamaza katika maisha yake, akanyamaza. Nikamtikisa. Nikamwita jina. Macho yalikuwa wazi hayaniangalii. Sijui ni muda gani ulipita mpaka akavuta pumzi na kulia, lakini woga ulionishika pale chini ya kitanda hicho sijaukuta tena, na nimezika mume na ndugu.

Yule mama aliitwa Nyina wa Njeri, yaani mama yake Njeri, kwa Kikuyu. Alitoka kwanza, akajikung'uta, akaweka maji ya chai motoni. Aliponiuliza nimefuata nini, nikamwambia tunanunua kwa Mzee Ishmaeli. Akaacha alichokuwa anafanya.

"Mlikuja lini kuona?"

"Jumapili."

"Jumapili," akasema. "Nyinyi wote ni watu wa Jumapili. Mnakuja hapa na koti na viatu, mnakunywa chai, mnasema hapa ni pazuri, hapa kuna amani. Jumapili timbo inalala. Hata shetani akilala anaonekana mzuri. Na hayo mawe juu ya nyumba, mlifikiri ni nani ameweka?"

Nilimjibu ukweli, kwamba mume wangu alisema ni ya kuzuia upepo. Alinitazama, nikadhani atacheka. Hakucheka.

"Upepo," akasema polepole. "Ngai, Mungu wangu. Sisi tumechoka kupanda kuyatoa."

Nikamuuliza kwa nini hahami. Akaniambia alikuwa pale kabla ya timbo, wakati lilikuwa mbali, hata mlio wake ulikuwa kama mtu anafunga mlango. "Lakini unaona zile nyumba nzuri za juu? Mawe yanatoka wapi? Na kokoto ya barabara? Kila nyumba ikijengwa timbo inakuja karibu. Wanaita kupanda. Mimi naona tu shimo inanitafuta. Na niende wapi? Shamba yetu ilichukuliwa." Hakusema nani aliichukua, na siku hizo hukuuliza.

Alinipeleka kwa Mzee Ishmaeli mwenyewe. Mzee hakuwepo, mkewe ndiye aliyefungua, nguo mbichi bado ziko mabegani mwake. Nyina wa Njeri hakumsalimu sana. Aliniingiza chumba cha pili, akaelekeza fimbo juu ya ile kona yangu, kona ya kitanda cha Ezra. Bati pale lilikuwa na kiraka kipya, kimepakwa masizi kifanane na mengine. Chini yake sakafu ilikuwa imebonyea kama bakuli.

Mke wa Mzee Ishmaeli aliketi kwenye kigoda. "Nilikuambia kuhusu nguo," akasema. "Zaidi ya hapo nilikatazwa."

Sikumkasirikia. Yeye pia alikuwa na watoto, na alitaka watoke. Lakini njia nzima ya kurudi Thika nilimbeba Ezra kifuani, kwa sababu mgongoni nisingemwona.

Baba Ezra hakuniamini. Aliamini kuna timbo, lakini aliona mimi naliongezea chumvi. Mzee wa kanisa hawezi kumuuzia Mkristo mwenzake nyumba ya kuua mtoto, akasema. Sikugombana naye. Nilimwomba kitu kimoja tu, abadilishane zamu na mwenzake aende mwenyewe siku ya kazi, asimame pale saa nne. Alhamisi akaenda, zaidi kwa kunikomesha.

Alirudi nywele zimejaa vumbi. Hakugusa chakula. Baadaye sana, pazia limefungwa na majirani wametoka, akaniambia alivyojikuta chini ya kitanda kimoja na Mzee Ishmaeli, muuzaji na mnunuzi, mabega yamebanana, na watoto wa mzee katikati yao. Mawe yalipokwisha kuanguka mzee hakuweza kumwangalia. Akamwambia tu, "Ndugu yangu, mimi pia nilinunua Jumapili."

Hatukununua. Lakini hadithi haiishi hapo, na sehemu inayobaki ndiyo ninayotaka ushike.

Nyumba ilinunuliwa na watu wa ibada yetu hapa Thika, Yohana na mkewe Dina, vijana kama sisi. Tulikwenda kuwaambia. Baba Ezra aliwaeleza habari ya kitanda, mimi nikaeleza kiraka. Walitusikiliza kwa heshima, na tulipoondoka Dina akamwambia jirani kwamba tunawatisha ili bei ishuke tuichukue sisi. Wao walikuwa wameona wenyewe, wakasema. Walikuwa wamekwenda Jumapili.

Walihamia Ruiru lakini waliendelea kuja kuabudu nasi Thika, na kutoka hapo kila ibada nilikuwa naingia na woga. Kabla sijakaa natafuta benchi lao. Yohana yupo, Dina yupo, Rebeka binti yao yupo. Ndipo naweza kuimba. Baba Ezra aliniambia niache, kwamba Mungu anawalinda, na kweli miaka ilipita hakuna jiwe lililowagusa. Wakaweka dari ya mbao. Dina akaanza kunicheka kwa upole, nami nikaanza kujiona mjinga.

Kisha siku moja baada ya ibada watoto walikuwa wanacheza nje, na Rebeka, aliyekuwa amefika umri wa kwenda shule, alikuwa amesimama amewapa wote mgongo. Dina akamwita. Akaita tena, kwa nguvu. Wale watoto wengine waligeuka, na mmoja wao akaenda akamgusa Rebeka mkono, akamwonyesha mama yake. Alifanya hivyo bila haraka, kama jambo la kila siku. Nilimtazama Dina. Alikuwa anatabasamu, akisema mtoto huyu kiburi amekitoa kwa babake. Alikuwa bado hajajua kwamba ule mlio wa timbo umemziba mtoto masikio. Nilijua mimi kabla yake, na nikashindwa kufungua mdomo.

Mwanangu, usinunue nyumba ya Jumapili. Nenda siku ya kazi, asubuhi, ukae mpaka jua lizame. Nenda wakati wa mvua uone maji yanapita wapi. Muuzaji atakuambia mtaa unapanda, na pengine ni kweli, lakini uliza unapanda kwa kukanyaga nini, na hicho kinachochimbwa, kinachochomwa au kinachomwagwa ili zile nyumba nzuri zisimame kiko umbali gani na mlango wako, na mwaka ujao kitakuwa umbali gani. Ukiona kitu kinafanana na cha kwenu, hapo hapo uliza, maana ndicho kitakachokufumba macho. Usimuulize mwenye kuuza peke yake. Muulize anayeanika nguo. Akijibu nusu, akageuza uso, usimwachie hiyo nusu, kaa naye, mshike mtoto wake, mpaka akupe iliyobaki. Na ukikuta watu waliokutangulia wanakuonya, usifikiri wanataka kitu chako. Wengine tunaogopa tu, kwa sababu tulilala chini ya kitanda hicho.

Basi nenda, na Mungu akutangulie huko unakotafuta. Akupe paa lisilopigwa na kitu ila mvua, na majirani wanaosema. Akujalie nyumba ambayo mwanao akilia utamsikia, na wewe ukimwita, atageuka.