Bastola ya Mama Joshua

Enzi za foleni za sabuni, watu wa Suji walimjua Ruthi Mzava kama yule mwanamke anayeteremka mlima na maharage kichwani na kupanda na chumvi. Duka la ushirika lilikuwa na rafu tupu na karani anayesinzia. Aliyetaka kipande cha sabuni alimwendea Ruthi kwa mlango wa jikoni, akatoka ameficha kitu chini ya kanga. Mgambo walimkamata Makanya zaidi ya mara moja na kumnyang'anya mzigo. Alirudi nyumbani, akalala, akaamka, akaanza upya.

Halafu zikaja siku za ruksa. Kilichoitwa magendo kikaitwa biashara, na Ruthi hakuhitaji kufundishwa. Alikuwa anawajua wakulima wa maharage kuanzia Suji hadi Myamba, nani hukausha vizuri na nani huchanganya na mawe. Alianza kwa kukodi gari, akaishia na la kwake, Isuzu kuukuu la rangi ya samawati lililoandikwa MAMA JOSHUA ubavuni, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Dereva alikuwa Yahaya, mtu wa Kigoma aliyekuja kukata mkonge mashambani huko tambarare, akauchoka.

Mkulima wa mlimani hakutaka hundi. Alitaka noti, azitazame, azikunje mwenyewe. Kwa hiyo kila msimu wa kununua, Ruthi alichukua pesa benki mjini Same, akazitia kwenye kikapu chini ya miguu yake, akapanda nazo.

Asubuhi moja ya Agosti, wakiwa wameanza tu kupanda kutoka Makanya, walikuta mawe yamepangwa barabarani. Yahaya alipunguza mwendo. Wanaume watatu wakatoka kwenye miiba, mmoja ameshika bunduki iliyokatwa mtutu.

"Lala chini, mama," alisema yule mwenye bunduki, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayemkaribisha mgeni kiti.

Ruthi alilala. Vumbi likamwingia mdomoni. Alisikia Yahaya akipigwa, akasikia mmoja wao akicheka. Kisha mguu wa mtu ukatua mgongoni mwake, ukambana pale chini, huku mwenye mguu akiinama kukichukua kikapu. Alikanyagwa kama gunia linalokanyagwa ili lifungwe vizuri.

Yahaya alishonwa kichwani, akapona, lakini hakutaka tena usukani. "Barabara ile wameshatujua, mama," alisema, akaomba ruhusa ya kwenda kupumzika kwa ndugu zake. Ruthi alimruhusu. Pesa zile zilimuuma, maana zilikuwa jasho lake. Lakini kila alipojinyoosha kitandani, alichokihisi ni ule mguu.

Mumewe, Eliakimu, alikuwa fundi cherehani na mzee wa kanisa la Wasabato, mtu asiyetumia maneno mawili pale ambapo moja linatosha. Alikuwa akipiga pasi kola ya shati Ruthi alipomwambia.

"Nataka kununua bastola."

Eliakimu aliisimamisha pasi ya mkaa. "Bastola."

"Ya leseni. Ya halali."

"Na kanisani tutasema nini?"

"Kanisa halikulazwa kwenye vumbi, baba Joshua. Nililazwa mimi."

Akaichukua tena pasi, akamaliza ile kola, akahamia shati la pili. "Basi tutakwenda wote kwenye kikao cha kijiji," alisema. "Watakusumbua."

Walimsumbua kweli. Magobole na bunduki za kufukuzia nyani na nguruwe zilikuwapo mlimani, na wenye nazo walijulikana. Wote walikuwa wanaume. Bastola hakuwa nayo mtu yeyote. Mwenyekiti, mzee Nicolaus, alisikiliza maombi yake huku akikuna kidevu, na benchi la nyuma wakaanza kuchekana.

"Mama Joshua," alisema Nicolaus, "hatuna wasiwasi na tabia yako. Lakini chombo hiki ni cha hasira. Siku ukigombana na mzee wako humo ndani, sisi tutakuja kuzika au kuamua?"

Kicheko kikawa kikubwa. Ruthi alifungua mdomo ajibu, lakini Eliakimu alikuwa amekwisha simama, kofia mkononi.

"Nimeoana na huyu mama miaka mingi," alisema. "Tumegombana, na kuta zetu ni za udongo, mmesikia. Ndani ya nyumba ile kuna panga, kuna shoka, kuna mchi wa kinu. Na mimi niko hapa, nasimama mbele yenu." Akakaa.

Hapo wakacheka mpaka mwenyekiti mwenyewe akafuta macho. Waliponyamaza, maombi yalipita. Yakaenda kata, yakaenda wilayani, na Ruthi akaitwa Same kuhojiwa na kamati: ana kesi, anakunywa pombe, ataiweka wapi, nani mwingine anaingia chumbani kwake. Alijibu yote amevaa gauni lake la kanisani. Alama za vidole zikachukuliwa, wino ukabaki kwenye kucha siku nyingi. Kibali kilipotoka, alikuwa ameshamaliza msimu mmoja kwa dereva wa kukodi na roho juu.

Walikwenda kununua Arusha, kwa kuwa Same hapakuwa na duka la namna ile. Muuzaji, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alimkaribisha Eliakimu kiti na kumwekea bastola mbele yake, kubwa, inang'aa kama sahani ya harusi.

"Hii, mzee, ukiishika tu, mtu anakuheshimu."

Eliakimu hakuigusa. "Mwenye shida ni huyu," alisema, akamsogezea Ruthi kiti.

Ruthi aliishika. Ilikuwa nzuri, na ilikuwa nzito kama pasi. Kidole chake hakikufika vizuri kwenye kifyatulio, na alipojaribu kukivuta nyuma kile chuma cha juu, kiligoma. Muuzaji akataka kumsaidia. "Usinisaidie," Ruthi alisema. "Wewe hutakuwa na mimi garini." Akaomba nyingine, na nyingine tena. Alizijaribu zote moja moja kama anayechagua sufuria, kwa mkono na si kwa macho, mpaka akafikia moja ndogo, nyeusi, isiyo na urembo. Kitako chake kilikaa kiganjani, chuma cha juu kikarudi alipokivuta, kidole kikafika bila kunyooshwa.

"Hiyo haina sura, mama," alisema muuzaji.

"Mimi naitaka ikae mkobani. Sura ya nini?"

Muuzaji akavua miwani, akamtazama upya, na kuanzia hapo akazungumza naye peke yake.

Ndani ya basi la kurudi, Ruthi aliweka boksi mapajani na kuliwekea kanga juu. Sharti lilikuwa boksi lisifunguliwe mpaka kituo cha polisi Same, ambako bastola ingeandikwa. Eliakimu alisinzia akimwegemea bega. Yeye hakusinzia. Milima ya Upare ilipoanza kujitokeza upande wa kushoto, alijikuta amekaa wima kama mtu anayepigwa picha.

Kituoni alikabidhiwa kwa koplo mmoja aliyeitwa Swalehe, mtu wa pwani mwenye mvi, aliyekuwa mkufunzi wa shabaha tangu ujana wake. Ruthi alidhani siku ya kwanza angepiga risasi. Swalehe hakumpa hata moja.

"Toa magazini," alisema, akigusa kikasha cha risasi kitakoni. "Vuta nyuma. Tazama ndani ya chemba. Kuna nini?"

"Hakuna kitu, afande."

"Umetazama au umedhani?"

Ruthi akatazama. "Nimetazama."

"Weka chini. Ichukue tena. Toa magazini."

"Si nimeitoa sasa hivi?"

"Ulipoiweka chini uliiacha. Ukiichukua tena ni bastola mpya. Toa magazini."

Asubuhi nzima ikaenda hivyo. Kidole nje ya kifyatulio. Mdomo wa bastola ardhini au kwenye shabaha, kamwe si kwa mtu, hata ikiwa tupu, hata kwa mzaha. Ruthi alipogeuka kumuuliza swali na bastola ikageuka pamoja naye, Swalehe alimshika kifundo cha mkono bila kuinua sauti. "Umeniua, mama Joshua. Na watoto wangu wanasoma." Ruthi aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Kosa hilo hakulirudia.

Walipokwenda uwanja wa shabaha, nje ya mji, chini ya vilima vya miiba, risasi ya kwanza aliipiga amefumba macho. Mlio ukaenda ukagonga mlima na kurudi, na kibao cha shabaha kikabaki kizima kama kilivyopakwa. Askari wawili waliokuwa wakitazama wakapeana macho. Swalehe akamwambia avute pumzi, aitoe nusu, na asikipige kifyatulio ila akikamue, polepole, kama anavyokamua titi la mbuzi.

"Hilo nalijua," alisema Ruthi.

Na kweli alilijua. Risasi iliyofuata iliikwangua pembe ya kibao. Nyingine zikaingia ndani, zimetawanyika, kisha zikaanza kusogeleana. Pua ikajaa harufu ya baruti, masikio yakalia. Mwishoni Swalehe alikwenda mpaka kwenye kibao, akaweka kiganja chake juu ya matundu, kikayafunika yote. Aliwatazama tu wale askari wawili, nao wakaangalia viatu vyao. Ruthi alipanda Suji siku ile bila kuhisi mlima.

Nyumbani, fundi wa kuchomelea alikuwa ameshatengeneza kasha la chuma na kulifunga ukutani kwa nondo, chumbani, nyuma ya kabati. Ufunguo Ruthi aliuvaa shingoni. Joshua na mdogo wake aliwaita mchana kweupe, akaitoa bastola, akaifungua mbele yao, akawaachia waitazame mpaka wakachoka. "Mkiiona popote nje ya kasha, msiiguse, niiteni mimi," aliwaambia. Kila Jumapili aliisafisha kwa kitambaa na mafuta juu ya gazeti. Siku ya Sabato ilibaki ndani ya kasha, naye akaenda kanisani na Biblia tu. Mchungaji alikuja kumtembelea, akauliza maswali machache, akala makande, akaondoka hakuona la kukemea.

Habari ziliteremka mlima zenyewe. Yahaya alizisikia, akarudi siku moja na begi lake na kuuliza kama usukani bado una nafasi. Barabara ile waliipita msimu baada ya msimu, na hakuna aliyewapangia mawe tena.

Jaribu lililokuja halikutoka porini. Lilitoka kwa shemeji yake Method, kaka mkubwa wa Eliakimu, aliyerudi kutoka Tanga akiwa na pesa kidogo na maneno mengi. Alimwoza binti yake, na ua ukajaa watu kutoka Suji, Makanya na kwingineko. Bibi harusi alipotoka, Method akasimama mbele ya wageni.

"Shemeji Ruthi," alisema, "wenzetu wana ngoma na tarumbeta. Sisi tuna wewe. Hebu tupigie mbili tatu hewani, watu wajue ukoo huu una nini."

Watu wakapiga vigelegele. Ruthi alisimama na mkoba wake begani.

"Shikamoo, shemeji," alisema. "Heshima yako naitunza. Lakini risasi inayopanda lazima ishuke, na chini humu kuna watoto."

"Basi nipe mimi. Mimi ni mwanamume, najua pa kuelekeza."

"Leseni ina jina langu, shemeji. Siwezi."

"Unaninyima mbele ya wageni wangu?"

"Nakunyima," alisema Ruthi, kwa upole.

Method alimgeukia mdogo wake ili amwamuru mkewe. Eliakimu alikuwa anamnywesha mtoto wa jirani soda. "Mwenye nayo amekwisha sema, kaka," alisema bila kunyanyua kichwa.

Method alikasirika, na kwa miezi kadhaa alipita nyumbani kwao bila kupiga hodi. Ruthi alimpelekea maharage ya mavuno kama kila mwaka. Mwaka uliofuata alipokuja kushukuru, akakaa, akanywa chai, hakuna aliyeitaja harusi.

Siku hizo hizo akafika mgeni kutoka Usangi, mama mmoja wa duka la jumla aitwaye Shamimu. Kibali chake kilikuwa kimetoka, na koplo Swalehe alikuwa amemwambia kabla ya kwenda dukani apande kwanza Suji amwone Mama Joshua. Ruthi alimpakulia makande, akamsubiri amalize na kunawa. Kisha akafungua kasha, akatoa magazini, akavuta nyuma, akatazama ndani ya chemba, akaiweka bastola juu ya meza, mdomo ukutani.

Shamimu akanyoosha mkono.

"Hii utaitazama tu, dada," Ruthi alisema. "Utakayoishika ni yako. Nyoosha kiganja nikupime vidole, nikwambie uombe ya namna gani. Watakuonyesha kubwa zinazong'aa. Ziache."