Kofia Yenye Jina la Leso

Nakumbuka asubuhi niliyoivua kofia yangu nikaificha chini ya majani makavu ya mgomba, mwanangu, nikadhani nimeificha aibu. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na akili yangu ilikuwa bado mbichi.

Mimi, kama unionavyo, ni mwenye ualbino. Zamani neno hilo halikuwamo midomoni mwa watu. Tuliitwa majina mengine, nami sitayarudia, maana ulimi wangu una kazi bora ya kufanya. Nililelewa hapa Msambweni na Bibi Mwanakombo, mama wa mama yangu, mkulima wa mboga na msusi wa mikeka. Tangu nilipoanza kutembea alinisukia kofia za miyaa, yale majani makavu ya mkindu, pana, zenye kivuli cha kufika mabegani. Hakuniruhusu kuvuka kizingiti bila kofia.

Shuleni tulikuwa na shamba, na kila mwanafunzi alikuwa na matuta yake. Nilipenda udongo kuliko daftari. Mchicha wangu ulistawi, majani mapana kama viganja vya mtu mzima. Lakini wenzangu hawakuuona mchicha, waliiona kofia. Mejuma, binti wa jirani, ndiye aliyekuwa na sauti kubwa. "Tazameni, mwavuli unatembea!" Wakicheka, nami nikicheka nao, huku moyo ukinichoma.

Ikafika siku ya wageni. Wazazi walialikwa, na afisa wa kilimo, tuliyemwita Bwana Shamba, angekuja kuchagua matuta bora. Nikajiambia, leo nitasimama kama wengine. Nikaificha kofia, nikapalilia kichwa wazi tangu asubuhi. Kwanza nilijiona mwepesi kama ndege. Kisha shingo ikaanza kuwaka, macho yakaona giza, nikaanguka juu ya mchicha wangu mwenyewe.

Nilipozinduka nilikuwa darasani nimelazwa mkekani, masikio na shingo vimefura malengelenge. Kupitia dirishani nikamsikia Bwana Shamba akiuliza, "Matuta haya ya mchicha ni ya nani?" Hakuna aliyejibu. Zawadi akapewa mwingine.

Bibi aliitwa. Hakunipigia kelele, na laiti angepiga. Alinikanda kwa kitambaa cha maji baridi, kisha akaniuliza, "Uliwavulia kofia waliokucheka. Jua lilipokuchoma, yuko aliyekuja kukutia kivulini mwake?"

"Hapana, Bibi."

"Basi sikia. Mficha uchi hazai. Ulilonalo usipoteze umri kulificha. Lipambe. Macho ya watu hatuwezi kuyafunga, lakini tunaweza kuyapa kazi."

Wiki mbili nilikaa ndani nikiuguza vidonda, na wiki mbili hizo tulisuka. Tulichemsha miyaa kwa rangi nyekundu na ya kijani hata sufuria ya wali ikageuka rangi. Kofia ilipokamilika, Bibi alifungua sanduku lake, akatoa leso ya arusi yake, kanga ya zamani, akakata ule mstari wenye jina, yaani msemo wake.

"Bibi! Leso yako ya arusi!"

"Leso ya kulala sandukuni inamfaa nani?" Akaushona mstari ule kuzunguka kofia: MTASEMA MCHANA, USIKU MTALALA. Mimi nikataka kuongeza simbi za baharini, shanga, na vishada kila pembe. Akanizuia mkono. "Kofia ya shambani haibebi duka zima. Tia kamba ya kidevuni kwanza, upepo hauna adabu." Nikatia kamba, na kishada kimoja tu.

Niliporudi shuleni, Mejuma alinikimbilia mbele ya wote, akaanza kuyasoma maneno yale kwa sauti ili wenzake wacheke. "Mtasema mchana…" Alipofika katikati akagundua anayeambiwa ni yeye. Siku ile walicheka kweli, lakini hawakunicheka mimi.

Mwaka uliofuata wageni wakaja tena. Mwalimu mmoja mgeni, aliyekuwa hajui habari zangu, akanijia mbio. "Wewe, vua hiyo kofia. Si sare ya shule."

Nikaishika kofia kwa mikono miwili, mwanangu. Nikamwambia, "Samahani, mwalimu, sitaivua. Mwaka jana niliivua nikaanguka, na mchicha wangu ukakosa wa kuusemea. Leo nataka kuusemea mwenyewe."

Bwana Shamba aliyekuwa karibu akageuka, akanitazama mimi, akaitazama kofia, akasoma maneno yake taratibu, kisha akatabasamu. "Haya, binti. Usemee."

Nikausemea! Nikaeleza samadi ya mbuzi na namna ya kuiacha ipoe, nafasi kati ya mche na mche, na kwa nini namwagilia alasiri. Mwalimu yule naye akasogea kusikiliza. Nikapewa zawadi ya kwanza, jembe jipya lenye mpini uliong'aa. Nililichukua begani mpaka nyumbani, kofia kichwani, na Bibi alisimama kando ya barabara akipiga vigelegele bila kujali nani anamtazama. Mejuma alinifuata nyuma, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Bibi yako atanisukia na mimi?" Alimsukia.

Leo nina miaka sitini na minane. Wako waliosema sitafika thelathini, na baadhi yao niliwapelekea mboga walipougua. Bustani ya kikundi chetu cha wanawake inalisha nyumba nyingi, na watunza bustani wa Diani huja hapa kujifunza kusuka. Kila mwanamke amevaa kofia aliyoipamba mwenyewe, na jina alilolichagua. Mabinti wenye ualbino wanatujia kutoka Majoreni mpaka milimani Kwale. Ukitutazama kwa mbali, humjui mwenye ualbino ni nani na asiye nao ni nani. Unaona kofia tu, rangi kwa rangi, na chini yake watu wanaolima.

Basi mwanangu, nakuusia. Usiivue kinga yako ili umridhishe anayekucheka, kwani yeye ataondoka na kicheko chake, nawe utabaki na malengelenge. Kinachokulinda kivae mchana kweupe, ukipambe kwa mkono wako, lakini usikipambe hata kikashindwa kazi. Na kazi ya mikono yako usingoje mwingine aisemee.

Nenda, mwanangu, jembe lako likubali udongo na udongo ukukubali. Mola akuzeeshe kama alivyonizeesha mimi, akupe mavuno ya kula na ya kugawa, na siku ambayo hapatakuwa na kivuli ila kivuli chake, akutie humo wewe na uzao wako. Amin.