Costancia, Mlinzi wa Kiwanja cha Ndege

Marehemu mke wangu Costancia alikuwa mwoga. Nasema hivi kwa sababu siku ya kumzika watu walisimama wakasema alikuwa jasiri. Hapana. Aliogopa nyoka, radi, na mto ukijaa. Zaidi ya vyote aliogopa ndege. Ikipita juu aliingia ndani, akaketi sakafuni, akajifunika khanga kichwani.

Na kazi yake ilikuwa kulinda kiwanja cha ndege.

Tulikuwa kwenye shamba la mkonge, kusini ya Kilosa, upande unaokwenda Mikumi. Mimi ni mtu wa Masanze. Kazi yangu ilikuwa kwenye mashine ya kukamua mkonge, ile tuliyoiita korona. Yeye alizaliwa Vidunda, milimani. Kule mahindi yanalimwa kwenye mteremko, na nguruwe na nyani hawakupi nafasi. Alianza kuwinga shamba, kufukuza wanyama waharibifu, akiwa mtoto mdogo.

Shamba lilipochonga kiwanja, majani yakaota mafupi, matamu. Wanyama wa mbugani wakayaonja, wakahamia. Bunduki ilikatazwa. Meneja akauliza nani anajua kufukuza mnyama kwa mikono mitupu. Watu wakamtaja Costancia.

Akakubali. Jioni akaniambia, "Baba, naogopa."

"Basi kataa."

"Nikikataa watamweka asiyeogopa. Mtu huyo, nyati watamwua."

Alikuwa na debe, kipande cha chuma, na kiberiti ndani ya chupa ili kisilowe. Hakuwa na kingine. Alipiga debe polepole, akitembea, upepo ukimpitia mgongoni ili wanyama wapate harufu yake kabla ya kumwona. Upande mmoja hakuupigia kabisa. Aliuacha wazi. Aliuita mlango. Alisema mnyama akiona mlango anatoka, asipouona anakurudia wewe. Wakishatoka aliwasha majani, akayafunika kwa mabichi, moshi ukapanda. Rubani akitazama moshi anajua upepo unatoka wapi. Kisha Costancia alikimbilia kwenye kichuguu, akaficha kichwa. Sidhani kama aliwahi kuona ndege ikigusa chini.

Mwaka wa pili baada ya Azimio la Arusha, shamba lilikuwa limekwisha kuwa la serikali. Masika ya mwaka ule yalikuwa mabaya. Mto Mkondoa ulifurika, ukazoa daraja letu la kwenda Kilosa. Reli ikakatika. Barabara ya Morogoro ikawa tope, malori yamezama mpaka kwenye bodi. Tukawa kama watu wa kisiwani. Hapo ndipo shafti ya korona ilipovunjika.

Mkonge ukishakatwa haungoji. Majani yalilundikana nje ya mashine, yakaanza kunuka. Tukaambiwa mashine isipozunguka upesi, kambi itapunguzwa watu. Meneja wetu, Ndugu Oswald, akaita Dar es Salaam kwa redio koli. Wakamjibu shafti ipo, na ndege ya mizigo ya kukodi ipo. Itakuja kesho asubuhi, mvua ikipumzika.

Siku hiyohiyo Costancia akashikwa na uchungu.

Mama yake, Mama Magreti, alikuwa ameshuka kutoka Vidunda kumngojea. Alinizuia mlangoni.

"Usimwambie mtu," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Wakiuliza, sema ana homa. Mwanamke akiwa na uchungu, akijulikana, unakuwa mrefu. Wako watu wa macho, wenye husuda."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwetu. Uzazi ulikuwa siri mpaka mtoto alie. Hata jirani wa ukuta mmoja aliambiwa homa, naye akajua, akanyamaza. Asubuhi Kasian, karani wa redio, akanikuta kisimani.

"Damiano! Shemeji yuko kiwanjani? Ndege inatoka Dar sasa hivi."

"Ana homa."

"Homa gani? Leo ndiyo siku ya kuugua?"

"Homa tu."

Akaniangalia. Akaenda zake, akidhani homa ni ndogo na Costancia ataamka.

Niliporudi nyumbani, Mama Magreti alikuwa amekaa kizingitini. Sikuwahi kumtazama mkwe wangu usoni, hatukulelewa hivyo. Siku ile nilimtazama.

"Mtoto amelala vibaya," alisema. "Mkono umetangulia."

Nilijua maana yake. Dada yangu alikufa hivyo. Zahanati ya shamba ilikuwa na vidonge vya malaria na plasta. Berega kuna hospitali ya misheni, Kilosa kuna hospitali, na zote ziko ng'ambo ya maji. Nikasimama pale. Kisha nikaisikia akilini mwangu ile ndege, kabla haijafika. Ingekuja na chuma. Ingerudi na nini?

Mwanamume haingii chumba cha uzazi. Nilizunguka nyuma ya nyumba, nikasema kupitia dirisha dogo.

"Mama Vitalis."

Vitalis ni mtoto wetu wa kwanza. Alikuwa kwa shangazi yake.

"Nani yuko kiwanjani?" akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Hakuna mtu."

"Nilisikia nyati usiku."

"Costancia, ndege ikitua nitamwomba rubani akuchukue."

Nikasikia anapumua kwa meno.

"Mimi? Ndani ya ile?"

"Ndiyo."

"Nitakufa."

Baadaye akasema, "Debe liko juu ya dari. Majani makavu yako chini ya bati, kwenye kichuguu. Upepo ukupitie mgongoni. Uwaache mlango kule korongoni. Baba Vitalis, usikimbie. Ukikimbia watakuona wewe ndiye nguruwe."

Hata katika hali ile alinitania.

Nikamwendea Kasian ampigie rubani simu ya redio. Akasema betri ya redio imelowa, wanaikausha jikoni kwa meneja. Na ndege imekwisha ondoka. Basi.

Nilifika kiwanjani na debe. Nyati walikuwa katikati, kundi zima, wamelala na wengine wamesimama. Walikuwa weusi kwa tope. Walinyanyua vichwa, wakanitazama kama mtu anayewadai.

Nikapiga debe. Mkono wangu haukujua mapigo yake. Yeye alipiga kama anayetwanga, taratibu. Mimi nilipiga kama paa linalogongwa na mawe. Nyati wakasimama wote. Nikajilazimisha kutembea. Hatua, pigo. Hatua, pigo. Wakaanza kusogea kuelekea korongoni, kule kwenye mlango.

Halafu wakasimama.

Nikatazama mbele yao. Mlango ulikuwa umejaa watu.

Kambi nzima ilikuwa imekuja kuona ndege. Upande wa mkonge ulikuwa umefunikwa na maji, kwa hiyo walipita nyuma wakapanda tuta la korongoni, penye ukavu. Wanawake na watoto mgongoni, vibarua manamba wamevaa makoti ya magunia, wazee. Siku zote Costancia ndiye aliyewaambia wasimame wapi. Siku hiyo hakuna aliyewaambia.

Nyati mmoja dume akageuka, akanielekea.

"Tokeni hapo!" nikapiga kelele.

Wakacheka. Wenceslaus, dereva wa trekta, alikuwa amekaa juu ya tuta anakula muwa.

"Damiano, leo umeolewa wewe? Mkeo kakuachia debe?"

"Tokeni, nyati wapite!"

"Wapite huko kwako! Sisi tumewahi nafasi."

Hapo nikaisikia ndege. Ikatokea juu ya milima, ikashuka, ikapita juu yetu chini sana. Watoto wakashangilia. Nyati wakazunguka, wakarudi katikati. Ndege ikapanda tena. Costancia alinifundisha zamani: mara ya kwanza rubani anatazama, mara ya pili anajaribu, mara ya tatu anarudi alikotoka, maana mafuta yake yamepimwa.

Nikawatazama wale watu. Nilijua neno la kuwaondoa. Nilijua pia Mama Magreti alivyosema. Wako watu wa macho. Kati ya watu wengi vile huwezi kujua ni nani. Niliogopa lile neno kuliko nyati.

Ndege ikaja mara ya pili. Ikaona nyati, ikanguruma, ikapanda.

"Mke wangu anajifungua!" nikapaza sauti. "Costancia! Mkono wa mtoto umetangulia! Ndege isiposhuka anakufa!"

Kicheko kikakatika. Wanaume wakainamisha macho, kwa sababu mwanamume hasemi maneno yale hadharani. Wenceslaus akatupa muwa. Aliruka chini, akaanza kuwasukuma watu kwa mabega. Wanawake walikuwa wamekwisha ondoka kabla yake. Waliingia majini upande wa mkonge, watoto mgongoni, maji mpaka magotini, na hakuna aliyelalamika.

Mlango ukawa wazi.

Nikapiga debe. Safari hii taratibu. Yule dume alinitazama kwa muda ulionizeesha. Akapiga chafya, akageuka. Wakatoka wote korongoni, ardhi ikitetemeka, na mimi nimelowa, na haikuwa mvua peke yake.

Nikakimbilia kichuguu. Kiberiti kilikuwa ndani ya chupa. Majani yakashika. Moshi ukapanda ukaegemea upande wa Mikumi, na ndege, ambayo ilikuwa imekwisha elekeza pua mashariki, ikageuka.

Ilitua. Ikarusha tope kama jembe. Rubani alikuwa mzungu mwenye kofia ya mkeka. Kabla mlango haujafunguka sawasawa nilikuwa chini yake.

"Shikamoo bwana. Nina mgonjwa."

"Hii si gari la wagonjwa," akasema. Kiswahili alikijua. "Hakuna kiti. Hakuna daktari. Nimeleta chuma."

Ndugu Oswald alikuwa amefika na buti zake, anahesabu watu wa kubeba shafti. Nilidhani atanifukuza. Akamuuliza rubani, "Ndugu, hii ndege tumeikodi kuja tu?"

"Kuja na kurudi."

"Ulikuwa unarudi na nini?"

"Na hewa."

"Basi leo punguza hewa. Nafasi ni yetu, na huyu ni mzigo wa shamba."

Rubani akatazama mawingu. "Mzito?"

"Hafiki nusu ya robota la katani," nikasema.

"Mleteni upesi. Nikinyeshewa hapa siruki."

Wenceslaus alikuwa amekwisha leta trekta. Tukamtoa Costancia ndani na kitanda chake cha kamba. Njiani watu walijipanga kimya. Mama Magreti alitembea kando, amejifunika, haniangalii. Tulipofika kwenye ndege akaniambia neno moja tu.

"Umemtangaza."

Ndani ya ndege mlikuwa kama ghala. Grisi ya shafti ilikuwa bado mbichi kwenye mbao. Tukamlaza palepale, juu ya turubai. Rubani akavuta mikanda ya kufungia mizigo akaipitisha juu ya kifua chake na miguu yake. Costancia alifungua macho.

"Nisifungwe. Baba Vitalis, mwambie nisifungwe."

"Ni ili usidondoke."

"Naogopa."

"Najua."

Akashika kidole changu. Rubani akasema nafasi ni ya mtu mmoja wa kumshika, mwanamke. Mama Magreti, ambaye hajawahi kupanda hata gari moshi, akapanda bila kuuliza. Mlango ukafungwa. Kile kidole nilikivuta mwenyewe.

Ikaruka. Nilifanya kama alivyofanya yeye siku zote. Niliketi nyuma ya kichuguu, nikaficha kichwa.

Jioni korona ilizunguka. Nilikuwa kwenye zamu. Sauti yake siku zote ilinifurahisha, siku ile niliichukia. Redio ikaendelea kuwa bubu. Kila alfajiri nilipita kwa Kasian, naye alitikisa kichwa kabla sijafungua mdomo. Watu walinisalimia kwa upole mno. Hilo likanitia hofu zaidi. Na mimi, nikisalimiwa, nilitazama macho ya mtu nikijiuliza, je, ni wewe?

Halafu asubuhi moja Kasian akatoka ofisini anakimbia, kiatu kimoja.

"Mama mzima!" akasema. Akanishika mkono. "Mama mzima, Damiano."

Sikuuliza la pili. Nilielewa.

Alikuwa wa kike. Walimzika Dar es Salaam, mimi sikuona. Mama Magreti alisema mpaka anakufa kwamba ni macho ya watu, kwamba ningenyamaza mtoto angepona. Daktari alimwambia Costancia kwamba mtoto alikuwa amekwisha fariki kabla ya ndege kufika kwetu. Mimi sijui. Nimezeeka na sijui. Najua tu kwamba nilisema, wakaondoka mlangoni.

Reli iliporekebishwa akarudi kwa treni mpaka Kilosa. Nilimpokea stesheni. Amekonda, khanga bado ina doa la grisi ambalo halikutoka kamwe. Nikamwamkua, akaitikia, tukatembea. Hakulia. Tulipoanza kuona mkonge akauliza:

"Nani yuko kiwanjani?"

"Mimi, kila nikitoka zamu."

Nyumbani alilitoa debe juu ya dari. Akalipindua, akapitisha kidole kwenye mabonyeo niliyoyaacha siku ile.

"Umelipiga vibaya," alisema.

Kesho yake alikwenda kazini nalo. Ndege ilikuja mwezi ule na nyuzi za kufungia robota. Niliomba ruhusa kwenye mashine, nikaenda kumtazama. Aliwatoa pundamilia, akawasha moshi, akarudi kwenye kichuguu. Nikadhani ataficha kichwa. Hakuficha. Alishika khanga kwa mikono miwili, akatetemeka mwili mzima, akaitazama mpaka magurudumu yakagusa chini, mpaka mlango ukafunguka, mpaka akaona ndani hamna mtu aliyefungwa.

Akafanya hivyo kila ndege, mpaka kiwanja kikaota miti.