Mwaliko wa Mara ya Tatu

Arlys Nygaard alirudi shule akiwa na miaka hamsini na nane, mwaka uliofuata baada ya kumzika mumewe, Verdell. Wapo waliosema ni huzuni iliyompeleka, na wapo waliosema ni ukimya wa ile nyumba. Yeye akiulizwa alijibu tu kwamba jiko la shule ya msingi alikopika miaka yote limefungwa, na mtu lazima awe na pa kwenda asubuhi. Akajiandikisha katika chuo cha mji kusomea kazi ya maabara ya hospitali, akanunua viatu vyeupe na begi la mgongoni, na siku ya kwanza akaingia darasani.

Vijana wote wakanyamaza. Wakafungua madaftari, wakakaa wima. Arlys akapita katikati yao mpaka kiti cha nyuma kabisa, akaketi, akatoa kalamu. Ndipo kijana mmoja akageuka kumtazama, akashusha pumzi.

"Jamani, kumbe si mwalimu!"

Wakacheka, naye akacheka nao. Halafu wakarudi kwenye mazungumzo yao, naye akabaki na kicheko chake mdomoni hajui pa kukiweka.

Hakuna aliyemkosea adabu, tangu siku ile hadi mwisho. Walimfungulia milango. Walimwokotea kalamu ikianguka. Lakini mlango ukishafunguliwa kila mtu alikwenda zake, na kalamu ikishaokotwa hakukuwa na neno la kuifuata. Saa ya chakula alikula mkate wake ndani ya gari, injini ikiunguruma kwa ajili ya joto, akitazama theluji ikipeperuka juu ya mashamba matupu ya viazi vya sukari, vile vinavyopelekwa kiwandani kutengenezwa sukari. Verdell aliendesha lori la viazi hivyo kila msimu wa mavuno, na Arlys hakuwahi kuujua upana wa mashamba yale mpaka alipobaki kuyatazama peke yake.

Katika somo la kutoa damu wanafunzi hujifunza wao kwa wao. Mmoja hukunja mkono wa shati, mwingine hutafuta mshipa. Arlys alikuwa na mishipa mizuri, na habari zikaenea, basi kila mara alitafutwa yeye. Ndivyo ilivyokuwa msimu ule mzima wa baridi: watu pekee waliomgusa ni wale waliokuwa na sindano mkononi.

Kati yao alikuwepo binti mmoja wa mwaka wa mwisho, Yesenia Treviño. Wazazi wake walikuwa wakija kila mwaka kutoka kusini kabisa mwa Texas kupalilia viazi, mpaka mwaka mmoja wakabaki huku, wasirudi tena kusini. Yesenia alikuwa na mikono myepesi na mdomo usiopumzika.

"Bi Arlys, mshipa wako huu ni barabara kuu. Hata lori lingepita."

"Usilipitishe leo, mwanangu."

"Tulia basi. Imeshaisha. Uliumia?"

"Hata kidogo."

Yesenia akambandika pamba, kisha akasema, kama mtu aliyekumbuka jambo, "Jumatano tunakutana chumba cha nyuma cha maktaba. Tunasoma, tunakula, tunasengenya kidogo. Njoo."

Moyo wa Arlys uliruka. Lakini mdomo ulikwisha kufunguka wenyewe, ukasema ulivyolelewa kusema.

"Aa, mimi tena? Msijisumbue kwa ajili yangu. Asante sana."

"Haya," akasema Yesenia kwa furaha, akachukua vitu vyake, akaenda.

Sasa hapa lazima niseme kitu. Kwetu sisi, watu wa bonde hili la kaskazini mwa Amerika, mtu akikukaribisha kahawa husemi ndiyo. Unasema hapana, asante, nimetoka kunywa. Akikukaribisha tena, unasema usijisumbue. Mara ya tatu ndipo unasema, basi, kidogo tu, kama imeshachemka. Anayekubali mara ya kwanza ni mlafi. Anayekaribisha mara moja tu hakuwa na nia, alitaka kuonekana ana adabu. Tumezaliwa tukaikuta hivyo, na bibi zetu walivuka nayo bahari kutoka Norway pamoja na masanduku yao. Lakini Yesenia bibi yake hakuvuka bahari ile. Kwao, mtu akisema hapana, amesema hapana.

Basi Arlys akasubiri mwaliko wa pili. Jumanne akaoka keki ya siagi ya karanga na chokoleti, akaikata miraba, akaifunika, na Jumatano akaiweka kiti cha nyuma cha gari, endapo angeitwa. Yesenia akampungia mkono mlangoni mwa maabara, akapita. Jumatano iliyofuata akampungia tena. Keki iliganda garini, ikaliwa jikoni, na mlaji alikuwa mmoja.

Mwaka ule ule zilikuja pia barua, na ya kwanza ilifika mapema, majani yalipokuwa yakianguka. Karatasi yake ilikuwa nzito, yenye muhuri wa dhahabu: Chama cha Taji la Elimu kilikuwa na heshima kumwalika yeye, Arlys, awe mwanachama wa kudumu kwa sababu ya alama zake bora. Ada ilikuwa dola tisini na tano. Aliisoma amesimama karibu na sanduku la barua, upepo ukimvuta skafu, kisha akaiweka juu ya jokofu. Akasema kwa sauti, ingawa hakuna aliyekuwa akisikia, "Aa, mimi tena?"

Ya pili ilikuja karibu na Sikukuu ya Shukrani ya Novemba, siku ambayo familia hukutana. *Bado tunakusubiri, Arlys.* Binti yake Tamra, anayeishi Arizona, hakuweza kuja mwaka ule. Arlys aliisoma barua ile mara nyingi kuliko ilivyostahili.

Ya tatu ilikuja Januari, katika baridi iliyofanya misumari ya ukuta ilie. *Arlys, huu ni mwaliko wetu wa mwisho. Kiti chako kipo.*

Alimwonyesha wifi yake LaVonne, dada wa Verdell, ambaye huja Ijumaa kunywa kahawa na kusema ukweli ambao hakuombwa.

"Dola tisini na tano wakwambie una akili?" LaVonne akashika barua kwa ncha za vidole kama samaki aliyeoza. "Mimi nitakwambia bure. Una akili. Nisogezee maziwa."

"Si sifa ninayotaka."

"Unataka nini?"

Arlys akageuza kikombe chake. "Wamesema kiti changu kipo."

"Kipo wapi? Hicho chama kinakutana wapi, wifi?"

"Hawajasema. Wanachama wako nchi nzima."

"Nchi nzima si mahali."

"LaVonne, wameniita mara tatu."

Wifi yake akairudisha barua mezani. Hata yeye, mkali vile, hajawahi kumkatalia mtu mara ya tatu.

Kesho yake Arlys akalipa.

Baada ya wiki kadhaa kikaja kisanduku chenye pini ndogo ya dhahabu, cheti, na maelezo ya sherehe. Sherehe ingekuwa Jumapili alasiri, kwa njia ya kompyuta. Kila mwanachama awe na mtu wake wa karibu wa kumvisha pini. Arlys akamwomba LaVonne, na LaVonne, baada ya kukataa mara mbili, akaja amevaa gauni la kanisani. Arlys alikuwa amevaa sweta lake la bluu na mkufu aliopewa na Verdell. Keki ilikuwa mezani. Kahawa ilikuwa tayari. Kompyuta ilisimama kichwani pa meza, mahali alipokaa Verdell.

Saa ilipofika, akatokea mwanamke mwenye joho na tabasamu jeupe. "Karibuni nyote!" akasema, akapunga mkono. "Karibuni nyumbani!"

Arlys akainua mkono, akampungia.

LaVonne aliuona ule mkono. Ulibaki hewani kidogo, kiganja kikavu cha miaka ya kuosha masufuria, ukimpungia mtu aliyerekodiwa siku nyingine, pengine majira mengine kabisa, maana nyuma yake dirishani miti ilikuwa na majani. LaVonne alikuwa na dhihaka kumi tayari. Akazimeza zote kwa kahawa.

Kisha majina yakaanza kupanda kwenye skrini, safu kwa safu, upesi kama theluji mbele ya taa za gari. Arlys akasogea karibu. Akasogea tena. Yalipita ya A, yakapita ya M, na kabla hajaweka miwani sawa yalikwisha, na mwanamke yule akawa anasema wanachama wanaweza kununua fremu ya cheti.

"Uliniona?" Arlys akauliza.

"Nilikuona," LaVonne akadanganya. "Herufi kubwa kabisa. Njoo hapa nikuvishe hii pini."

Wakala keki. Kikabaki kipande cha mwisho, nacho, kama ilivyo desturi, hakuna aliyekichukua. Arlys akakata nusu. LaVonne akakata nusu ya nusu. Wakaendelea hivyo, kwa heshima, mpaka kikabaki kitu kidogo kama kifungo, na LaVonne akaenda nyumbani. Arlys akakifunika kile kifungo, akakiweka kwenye jokofu.

Aliivaa pini kwenda chuoni majira yote ya kuyeyuka kwa theluji, kwenye ukosi wa koti jeupe la maabara. Alidhani mwingine mwenye pini kama hiyo angeiona, angesema, kumbe na wewe. Hakutokea. Mto wa bonde ulijaa, ukafunika mashamba, ukarudi mahali pake. Ikawa Mei, na Yesenia, aliyekuwa akimaliza masomo, ndiye aliyeiinamia.

"Bi Arlys! Na wewe walikupata?"

"Unakijua chama hiki?"

"Mimi waliniandikia mpaka nikachoka. Hata binamu yangu walimwalika, naye alikwisha kuacha chuo tangu Krismasi." Akaona uso wa Arlys, akapunguza sauti. "Si wezi, lakini. Cheti si kinakuja? Basi. Ni kwamba hakuna kitu nyuma yake. Unalipa, halafu unakaa nacho peke yako."

"Nilidhani pangekuwa na watu."

"Watu ndio sisi! Si nilikwambia, Jumatano? Kile ndicho chama cha wanafunzi bora cha hapa chuoni. Ada ipo, kidogo, inanunua kahawa, na inayobaki inamlipia mwenzetu vitabu. Mimi mwaka jana nililipiwa. Nilikukaribisha kwa sababu ulitushinda sote kwenye mtihani wa kutoa damu."

Arlys akashika ukingo wa meza.

"Ulinikaribisha mara moja."

"Na ukakataa."

"Nilikataa mara moja tu."

Yesenia akamtazama. "Kwani huku mnakataa mara ngapi?"

Arlys akamweleza. Kadiri alivyoeleza, ndivyo jambo lilivyozidi kuwa la kipuuzi masikioni mwake mwenyewe, na Yesenia akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akaacha kucheka.

"Kwa hiyo mwaka mzima ulikuwa unataka kuja?"

Arlys alikuwa akiishughulikia pini, ambayo ilikataa kufunguka.

"Wenzangu wameshaondoka," akasema Yesenia. "Wengine wako hospitali kwa mazoezi. Na mimi Jumamosi narudi Texas, nimepata kazi karibu na nyanya yangu. Jumatano hii niko peke yangu, nasafisha chumba. Unataka kuja?"

Maneno yalikuwa yamekwisha kujipanga kwenye ulimi, yale yale, msijisumbue. Arlys akayameza, na yalikuwa makubwa.

"Ndiyo," akasema, na akaona haya kama mtu aliyejipakulia nyama kabla ya wageni.

Jumatano walikuwa wawili katika chumba kidogo chenye meza ndefu, birika la kahawa na viti vingi mno. Yesenia alionyesha nani alizoea kukaa wapi. Hapa yule mwenye kupiga chafya. Hapa Marisol, aliyelia kila mtihani na kufaulu kila mtihani. Arlys aliwasikiliza wote kama mtu anayesimuliwa harusi aliyochelewa. Walikula keki, na kilipobaki kipande cha mwisho Arlys akachukua kisu akate nusu. Yesenia akamzuia mkono, akakichukua chote, akakila.

Kisha akampa ufunguo.

"Umebakiza mwaka mmoja, sivyo? Mwalimu wa maktaba anajua. Mtu lazima awepo Jumatano, la sivyo watatunyang'anya chumba wakaweke makaratasi."

Sinia la keki lilirudi nyumbani tupu. Arlys aliliosha, akalifuta, akaliacha juu ya meza mpaka asubuhi, alitazame.

Septemba, Jumatano ya kwanza, alifungua chumba, akawasha birika, akaweka keki katikati. Akaketi. Mlango aliuacha wazi. Vijana walipita na vipokea sauti masikioni, wala hawakugeuka. Saa nzima ikapita hivyo, kahawa ikianza kuungua birikani, na pini ya dhahabu ilikuwa nyumbani, kwenye droo ya vifungo.

Mara akapita mwanamke wa makamo, koti la kiwanda cha sukari mabegani, begi jipya mgongoni likiwa bado na lebo yake ya bei. Akapunguza mwendo mbele ya mlango, akitazama viti.

"Karibu," akasema Arlys. "Kuna kahawa."

"Aa, hapana, asante. Nimetoka kunywa."

"Kuna na keki. Karibu ukae."

"Usijisumbue, mama. Nilikuwa napita tu."

Akaenda. Nyayo zake zikasikika zikielekea mlango mkubwa, polepole sana, kama za mtu anayesubiri kitu.

Arlys akainuka, akaiacha kahawa iungue, akatoka ukumbini kumwita mara ya tatu.